Kola ya Bwana Harusi

Shangazi yangu alikuwa na mikono miwili isiyofanana. Wa kulia ulikuwa wa fundi, vidole vinene, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama, na sugu pale ambapo uzi wa nta ulipita miaka nenda miaka rudi. Wa kushoto ulikuwa laini kidogo, na mwenyewe alipenda kusema kwamba huo ndio mkono wake wa kupungia wageni. Kwa mikono hiyo alishona matandiko ya farasi: hatamu, mikanda ya tumboni, na hasa kola, lile duara nene la ngozi lililojazwa majani makavu, ambalo farasi huvaa shingoni ili mzigo ausukume kwa mabega na si kujinyonga kwa kamba.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, kimepakana na ua wa wenye mikokoteni. Upande wa pili wa ukuta mume wake alikuwa na tanuri la mikate. Wateja walikuwa na utani wao kwamba mikate ya pale ina ladha ya ngozi na hatamu za pale zinanukia mkate. Mume wake ndiye ninayemwita baba, kwa sababu wao wawili walinilea tangu mama yangu alipofariki. Wenyewe hawakujaliwa mtoto. Sikumbuki hata siku moja wakinifanya nijione mgeni ndani ya nyumba ile.

Shangazi hakuwa mtu wa kukaa kimya. Alishona huku anaongea, akiwa na sindano mdomoni vilevile aliongea. Majina yote ya utani ya pale uani yeye ndiye aliyeyatoa, na jina likishatoka kwake lilikuwa limekwisha kukushika, hata mkeo atakuita hivyo. Mwenye mkokoteni mmoja shangazi alimwita Taratibu. Mtu huyo hakuwahi kumkimbiza farasi wake. Ukimpakilia matofali asubuhi, usiyasubiri kabla ya adhuhuri, lakini hakuna litakalofika na ufa. Farasi wake alikuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, miguu yote minne myeupe hadi magotini, na mstari mweupe usoni. Alitembea kama anayejua anatazamwa. Shangazi akampa jina la Bwana Harusi.

Siku moja Taratibu aliingia karakanani amebeba kola begani.

"Dada Fundi, hii kitu inamchubua. Ana kidonda hapa, chini ya shingo."

"Na yale mafua yake?"

"Yapo. Leo yanakauka, kesho yanarudi."

"Bwana harusi gani huyu haishi makamasi," shangazi alisema, na wote wawili wakacheka. Mimi nilikuwepo, nimepita kuchukua mkate kabla ya kwenda dukani ninakouza vitambaa. Nilicheka pia.

Kola ilikuwa na unyevunyevu ndani ya kitambaa cha chini. Shangazi alifumua mshono, akachomoa majani yaliyokuwa yameshikamana kwa kitu cha manjano kinachonata kama gundi iliyochacha. Aliyatoa kwa mkono mtupu, kama alivyofanya maisha yake yote. Alipokuwa anatoboa tundu jipya, msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, uliteleza, ukamchoma kiganja cha kushoto chini ya kidole gumba. Akaifuta damu kwenye aproni na kuendelea kutoboa. Ungemuuliza ilikuwa mara ya ngapi kujichoma, angekuambia umuulize mwoka mikate ni mara ngapi ameungua.

Kola ilikamilika, Taratibu akaja kuichukua, na hakuna aliyelifikiria tena jambo hilo.

Kile kidonda cha kiganjani hakikufunga. Kilivimba, kikatoa usaha, na uvimbe mwingine ukamtokea kwapani. Zahanati wakamsafisha na kumpa dawa. Akapata nafuu, akarudi kazini, halafu homa ikamrudia kwa nguvu, na kutetemeka, na maumivu ya misuli hata kushika kikombe ikawa kazi. Baadaye kifua. Mimi kilichonitia hofu hakikuwa homa. Asubuhi moja nilimkuta amekaa mbele ya meza yake, ngozi mapajani, hasemi kitu. Taratibu na wenzake walikuwa wanapita nje ya dirisha na yeye hakumtania hata mmoja. Nikamwambia baba afunge tanuri, tunakwenda hospitali.

Hospitali waliona mapafu yameshambuliwa. Wakatibu nimonia, haikusikia dawa. Wakashuku kifua kikuu, wakaanza dawa zake, nazo vilevile hazikusaidia. Alikonda mpaka pete ikawa inamvuka, baba akawa anaihifadhi kwenye mfuko wa shati. Kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiganjani kwenda juu, vilitokea vinundu vimejipanga kwa mstari, na kimoja baada ya kingine vikapasuka.

Daktari wa wodi ile alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Siku moja alikaa kitandani kwa shangazi kitambo kirefu akiuangalia mkono ule, kisha akamgeukia baba.

"Mkeo anafanya kazi gani?"

"Anashona."

"Nguo?"

"Hapana, daktari. Matandiko ya farasi."

Daktari aliacha kuandika. Akauliza kama pale kazini kuna farasi yeyote mgonjwa, anayetoka usaha puani au mwenye vidonda. Baba hakujua. Siku zote yeye dunia yake ilikuwa unga na moto. Nami yale mafua tuliyoyacheka karakanani hayakunijia kabisa, kwangu yalikuwa mafua tu. Daktari akatueleza kwa lugha ya kawaida. Kuna maradhi ya farasi, yanaitwa glanda, yanaletwa na bakteria, na ni nadra sana kumpata binadamu. Yeye mwenyewe hajawahi kumuona mgonjwa wake, ameyasoma tu. Yakimpata mtu na yasitibiwe kwa dawa zake, humuua. Angepeleka vipimo kwenye maabara kubwa, lakini majibu yangechelewa, na hali ya shangazi haikuwa ya kusubiri majibu.

"Kama kuna farasi mwenye dalili hizo," alisema, "nitabadilisha dawa leo hii na sitangoja karatasi."

Nikaenda uani. Wenye mikokoteni walikuwa wanapakua mbao. Niliwaeleza yote, hali ya shangazi na swali la daktari. Waliniuliza anakula, analala, wakanipa pole za dhati kabisa. Nilipofika kwenye farasi, kila mmoja akapata cha kufanya. Mmoja alisema farasi wa hapa wote wazima. Mwingine akasema labda ni kuku, siku hizi kuku wanaleta magonjwa. Taratibu alikuwa ameinama anakaza mkanda ambao haukuwa umelegea. Sikuwaelewa siku ile. Baadaye nilielewa. Kila mmoja wao alijua kwamba maradhi haya hayatibiwi kwa farasi. Daktari wa mifugo akiyagundua, farasi anauawa, ua unafungwa, na watu wote wale walikula kwa miguu ya farasi wao.

Nilirudi hospitali mikono mitupu.

Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, Taratibu alitokea mlangoni mwa wodi. Alikuwa amevaa shati la kwendea sherehe, limenyooshwa. Alisimama palepale kizingitini bila kuingia, akauliza, "Daktari ni nani hapa?"

Daktari akamwendea. Mimi nilikuwa karibu nao, nasikia kila kitu.

"Farasi wangu anaumwa," Taratibu alisema. "Yule mama ndiye aliyeshona kola yake."

"Anaumwaje?"

"Pua inatoka usaha mzito, una damudamu. Na ndani ya mguu wa nyuma ana vinundu, vimefuatana kama shanga kwenye uzi. Siku ninampelekea mama yule kola nilidhani ni mafua, naapa. Vinundu vilikuja baadaye. Hapo nikajua si mafua, nikawa namficha."

"Unafahamu nikimwita daktari wa mifugo itakuwaje?"

"Nafahamu."

Daktari akamshukuru. Taratibu hakuondoka. Alikuwa anaikunja kofia mkononi.

"Naomba kitu kimoja. Nikamwoshe kwanza. Nisimtoe akiwa mchafu."

"Siwezi kukuruhusu," daktari alisema, na sauti yake ilishuka zaidi. "Usimguse tena, baba. Wewe na watu wa nyumbani kwako itabidi tuwapime pia."

Taratibu aliitikia kwa kichwa. Akatazama ndani mpaka alipokiona kitanda cha shangazi, na shangazi wakati huo hamjui mtu, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la nje kama alivyoelekezwa. Dawa mpya ziliingia kwenye mshipa wa shangazi jioni ileile.

Daktari wa mifugo alifika uani na wasaidizi waliovaa mavazi meupe, barakoa na glavu. Walipima damu ya kila farasi. Bwana Harusi alikuwa na ugonjwa ule, na wengine wawili ambao kwa macho walionekana wazima. Walichomwa sindano ya kuwalaza wasiamke tena, wakazikwa kwenye shimo refu lenye chokaa. Nyasi, vihori vya kulishia na mablanketi vilitiwa moto. Karakana ya shangazi nayo iliguswa. Kila kola, kila hatamu, kila kipande cha ngozi kilichokuwa ndani kilitolewa na kuchomwa, na zana za chuma zikachemshwa. Baba alisimama ng'ambo ya barabara akitazama. Aliniambia kwamba jambo lililomuuma ni harufu, kwa sababu ilikuwa harufu ya mke wake.

Taratibu, mkewe, baba na mimi tulipimwa na kupewa vidonge vya kinga. Namshukuru Mungu, hakuna mwingine aliyeupata. Ugonjwa uliingiaje pale uani, mpaka leo hakuna ajuaye. Farasi huuzwa na kununuliwa, hutoka mbali, na hakuna aulizaye pua yake ilikuwaje huko alikotoka.

Shangazi alikuwa kwenye chumba cha peke yake, wauguzi wakiingia kwa barakoa. Homa ilishuka kidogokidogo. Asubuhi moja alinitazama muda mrefu nikiwa nimejifunika uso wangu, macho tu ndiyo yanayoonekana, akazipapasa nywele zake, akaniuliza kwa sauti iliyokwaruza, "Nani amenisuka hivi?"

Nikamwambia ni mimi.

"Nilidhani nimekufa nikasukwa na maadui."

Muuguzi aliyekuwa anabadilisha chupa ya dawa alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitoka nje nikalia. Baba nilipompa habari alikaa chini kwenye ngazi za hospitali, akaitoa ile pete mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Amekutukana?" aliniuliza. Nikasema ndiyo. "Basi anapona," alisema.

Habari za Bwana Harusi hatukumwambia mpaka alipoweza kukaa. Baba ndiye aliyemweleza. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Nani aliyesema?"

"Taratibu mwenyewe. Alikuja hapa mlangoni."

Aligeukia ukutani na hakutaka chakula siku ile.

Aliporuhusiwa alikuwa bado ana vidonge vya kumeza kwa miezi, anatembea kwa fimbo, na mkono wa kushoto haukuwa unakunja ngumi vizuri. Safari yake ya kwanza nje ya nyumba ilikuwa kwa Taratibu. Nilimsindikiza. Njia nzima alikuwa anajipangia maneno, ninamsikia ananong'ona.

Mke wa Taratibu alifungua mlango, akatutazama, na kwa muda hakusema karibu. Ndipo mumewe akaita kutoka ndani, tukaingia. Sebule ilikuwa ndogo, viti viwili na mkeka. Shangazi alikaa, akafungua mdomo, na maneno yote yale yakamtoroka.

"Nimekuja kukushukuru, kaka," alisema hatimaye, "na sijui nianzie wapi."

"Usianze," Taratibu alisema.

"Ulimpenda sana yule farasi."

"Nilimpenda. Lakini wewe ni mtu, dada. Hilo halikunichukua muda. Kilichonichukua muda ni miguu kufika pale hospitali."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. "Shukrani tumesikia," alisema. "Kila anayekuja hapa anatushukuru. Mume wangu hana kazi, na kule uani hakuna anayemsalimia. Hizo shukrani haziivi tukizitia sufuriani."

Taratibu alitaka kumnyamazisha, shangazi akainua mkono. "Mwache, kaka. Anasema kweli."

Tulipofika nyumbani alimwambia baba, na tangu asubuhi iliyofuata mikate ilikuwa inafika nyumba ile kabla haijafika dukani. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa uani.

Ua ulikuwa umefunguliwa tena, na wale waliopoteza farasi, hata wale ambao hawakupoteza, walimnunia Taratibu. Akija kijiweni kwenye chai, benchi linabaki tupu. Walisema angetafuta njia nyingine, angemuuza farasi mbali, angekaa kimya. Shangazi alipolisikia hilo alianza kwenda pale kijiweni kila asubuhi na fimbo yake. Alikuwa anakaa kwenye benchi kando ya Taratibu, bega kwa bega, anaagiza chai mbili, anapiga soga kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Hakuwaambia wengine chochote. Alikaa tu, mwembamba kama uzi, na kovu la mkono wake liko wazi kwa kila mtu.

Mwisho wake mmoja wao, mwenye farasi mweusi, alishindwa kuvumilia. Mtu huyo shangazi alikuwa amempa jina la Radi kwa ajili ya sauti yake.

"Dada Fundi, wewe unakaa naye kwa sababu alikuponya. Sisi alitumaliza."

"Kaka Radi, wewe una watoto wangapi wanaolala chumba kilichopakana na banda?"

Radi alikoroga chai yake.

"Mimi nilishika kola moja. Wanao wanashika farasi kila siku. Kama huyu angemuuza mbali, wale wawili wengine wangebaki hapa, wazima kwa macho, na wa kwako katikati yao. Mimi ninamnunulia chai. Wewe fanya hesabu yako mwenyewe."

Hakuna aliyeomba radhi siku ile. Ila kesho yake Radi alikaa mwisho wa benchi, mbali kidogo. Wiki nyingine alikaa karibu zaidi. Watu wazima hupatana hivyo, kwa kusogeza makalio.

Daktari wa mifugo alipokuja kukagua tena alisema ua ule unahitaji mtu wa kumtazama kila farasi asubuhi kabla hajatoka, pua, miguu na ngozi, na kila farasi mgeni akae pembeni kwanza. Wenye mikokoteni walijadiliana, na jina lililotoka lilikuwa la Taratibu. Radi ndiye aliyelitaja. Kazi yake ile ameishika hadi sasa na wanamlipa wenyewe kwa kuchangiana. Wanalalamika kwamba anawachelewesha, anakagua pua ya farasi kama anayesoma gazeti. Farasi mwingine hakununua. Niliwahi kumuuliza kama hatamani, akasema anao wote wa pale uani na haimlazimu kumlisha hata mmoja.

Shangazi alirudi karakanani. Sasa anavaa glavu kufumua kola, na kitu kikija na unyevu au uchafu kinarudi kilikotoka. Anashona kwa kasi ndogo kuliko zamani, kwa sababu mkono wa kushoto unamgomea akiushikisha ngozi nene. Tulipompeleka kupimwa mara ya mwisho, yule daktari alikuwa amehamishiwa mji mwingine. Shangazi alikuwa amembebea mkate. Akawapa wauguzi, akawaambia wakiongea naye kwa simu wamwambie kwamba yule aliyekuwa anashona, siyo nguo, yuko mzima na anakula.

Njiani kurudi aliniambia kwamba kila asubuhi akiamka, kabla hajashusha miguu, huwataja. Yule daktari, wauguzi, baba, mimi, Taratibu na mkewe ambaye siku hizi ni shoga yake. Na Bwana Harusi.

"Farasi naye unamwombea?" nilimuuliza.

"Yeye simwombei. Namshukuru tu. Aliyekuwa na hatia katika mambo haya simjui, lakini yeye hakuwa nayo."

Tulikuwa tumefika mlangoni kwa baba. Alikuwa anatoa mikate, uso umejaa unga, na bila kugeuka akauliza wametuambia nini hospitali. Shangazi akavuta kiti, akakaa, na akaanza kumsimulia tangu tulipopanda ngazi, nani alikuwa kwenye foleni, alivaa nini, alisema nini. Baba akatua sinia chini kabisa, kwa sababu alijua hadithi itakuwa ndefu.